Hisa za Teknolojia ya Fedha: Je, Zinamfaa Mwekezaji wa Muda Mfupi?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, wananchi wanatuma fedha, wanalipia umeme na kuweka akiba kwa simu. Ndiyo maana baadhi yao huuliza kama inafaa kununua hisa za kampuni zinazoendesha mifumo hiyo na kuziuza baada ya miezi michache.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) hakuna kampuni ya programu za kibenki pekee. Iliyo karibu zaidi ni Vodacom Tanzania, yenye huduma ya M-Pesa. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, Vodacom iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja na kukusanya shilingi bilioni 476. Iliorodheshwa Agosti 15 mwaka huo. Katika miaka iliyofuata bei ilishuka chini ya shilingi 850, ilhali M-Pesa iliendelea kutumika kila mtaa. Ni dhahiri kuwa umaarufu wa huduma hauhakikishi kupanda kwa bei ya hisa.

Hata kwenye masoko makubwa hatari ipo. Temenos ya Uswisi, inayouza programu za kibenki duniani kote, ilipoteza zaidi ya robo ya thamani ya hisa zake kwa siku moja, Februari 2024, baada ya kampuni ya Hindenburg Research kutoa ripoti ya kutilia shaka hesabu zake.

Kwa mwekezaji wa muda mfupi kuna mambo mawili zaidi. Kwanza, ada za dalali hulipwa wakati wa kununua na wakati wa kuuza, hivyo ongezeko dogo la bei laweza kumezwa lote. Pili, muuzaji humhitaji mnunuzi, na kwa baadhi ya hisa za DSE mnunuzi huchelewa kupatikana.

Kwa hiyo, fedha za ada ya shule au kodi ya nyumba zisiwekwe kwenye hisa. Zipo dhamana za Serikali za muda mfupi, zikiwamo za siku 91 na 364, pamoja na Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Anayechagua hisa atumie fedha asizozihitaji karibuni, asome taarifa za hesabu za kampuni, na apitie kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayeahidi faida ya uhakika ndani ya mwezi hastahili kukabidhiwa fedha zako.