Bunduki Mpya ya Vita vya Zamani

Mtu mwenye fedha nchini Marekani aweza leo kununua bunduki mpya ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Hatusemi bunduki kuukuu iliyosafishwa kutu. Twasema bunduki iliyoundwa, au kuundwa upya, katika miaka yetu hii kwa mfano wa zile walizobeba walenga shabaha wa kuvizia, ambao siku hizi huitwa wadunguaji; na juu yake imefungwa darubini iliyofanyizwa kwa sura ya darubini za wakati ule. Huitwa nakala za ukumbusho. Nyingine hutiwa nakshi na dhahabu, hupewa namba zake, hutundikwa ukutani, na mtutu wake haupati kuonja moto hata siku moja.

Wasomaji wetu wa visiwani watauliza, jambo hilo latuhusu nini? Latuhusu, tena zaidi ya tunavyodhani, lakini kwanza hatuna budi kukifahamu kitu chenyewe.

Tuchukue bunduki moja tu, ile inayonakiliwa sana, M1903A4. Marekani ilipoingizwa vitani Desemba 1941, jeshi lake la nchi kavu halikuwa na bunduki ya wadunguaji iliyo tayari. Kwa hiyo, kuanzia 1943, kiwanda cha Remington kilichokuwa Ilion, katika jimbo la New York, kilichukua bunduki ya kawaida iliyokuwa ikitengenezwa pale na kuifunga darubini ndogo ya kampuni ya Weaver ya Texas, darubini ambayo wawindaji wa paa walikuwa wakijinunulia wenyewe madukani. Zilitengenezwa zaidi ya 28,000. Ilikuwa kazi ya haraka, na haraka hiyo ilionekana. Darubini ilikaa juu ya mahali pa kupakia risasi, basi askari hakuweza tena kuzitia tano kwa mkupuo mmoja, ila moja moja kwa kidole. Alama za kawaida za kulengea hazikuwekwa kabisa. Maana yake ni kwamba darubini ikiharibika, askari amebaki na gongo.

Na kuharibika iliharibika. Bomba lake halikuzibwa barabara, mvua na unyevu vikapenya, lenzi ikafanya ukungu kwa ndani. Nahodha yeyote wa visiwa hivi anaijua darubini iliyoingia maji: unaifuta nje mpaka mkono unachoka, na kiza kiko ndani. Sasa mfikirie kijana wa miaka ishirini amelala katika tope la Italia au katika msitu wa kisiwa cha Pasifiki, anamtafuta mtu ambaye naye anamtafuta, na kioo chake kimeota ukungu.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Nakala ya darubini hiyo inauzwa leo na kampuni ya Hi-Lux ya California. Kwa nje imefuatwa kila kitu: bomba lile lile jembamba la robo tatu ya inchi, rangi ile ile, vifundo vile vile vya kurekebishia shabaha. Kwa ndani mambo ni mengine. Lenzi zimepakwa utando wa kisasa na bomba limezibwa lisiingie maji. Hatuwalaumu waliotengeneza. Hakuna mnunuzi atakayetoa fedha yake apewe ukungu. Aidha, zipo kazi ambazo nakala yafaa kuliko asili: wapo wengi wanaopenda kuzilinda bunduki za asili kabatini zisichakae, na kule Camp Perry, Ohio, tangu 2011 hufanywa mashindano ya bunduki za wadunguaji wa zamani, watu wawili wawili, mmoja akipiga na mwenzake akimtazamia, ambako darubini za nakala hukubaliwa. Huo ni mchezo halali, na wazee waliopigana wamepata kuona vijana wakiheshimu ugumu wa kazi yao.

Lakini kitu kikiitwa ukumbusho, sharti tukiulize kinakumbusha nini. Mwenye nakala anapotia jicho lake katika kioo kile huona dunia iliyo safi, yenye nuru, na shabaha iliyosimama wima. Aliyekuwa na ile ya asili mwaka 1944 hakuiona dunia hiyo. Kosa limesahihishwa, na pamoja na kosa zimeondoka hofu, baridi na bahati mbaya ya yule askari. Kilichobaki ni umbo la chuma na mti. Wala katika umbo hilo hamna nafasi ya yule aliyekuwa upande wa pili wa risasi.

Kuna na madhara mengine, ya kibiashara, ambayo tutayapitia upesi. Kwa kuwa bunduki za asili ni ghali, wamezuka watu wanaotoboa matundu katika bunduki ya kawaida ya jamii ile, wakaifunga darubini, wakaiuza kwa bei ya asili. Mjuzi huwagundua kwa alama moja ndogo: katika bunduki ya kweli, maandishi yaliyopigwa juu ya chuma yaligawanywa kushoto na kulia ili kishikizo cha darubini kisiyafunike, katika ile ya udanganyifu yamekaa katikati, nusu yamefichwa. Nakala inayokiri kwamba ni nakala haina aibu. Ile inayokana ndiyo haramu.

Sasa tuje kwetu. Pwani hii nayo iliwahi kuisikia risasi ya mdunguaji. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri, mtu wa miaka 65, alipigwa risasi na mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani akafa papo hapo. Kaburi lake lipo na linajulikana. Pori zima la wanyama lilipewa jina lake, na hata baada ya sehemu yake kubwa kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, jina la Selous halijatoka vinywani mwa watu.

Lakini nani aliyebeba masanduku ya risasi hadi Beho Beho? Katika vita vile wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, na Unguja nayo ikatoa watu wake. Walikufa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, kwa jumla, bila jina hata moja. Bunduki aliyoshika yule askari wa shaba imechongwa vizuri sana. Twakiri tumeipita mara nyingi bila kulifikiri hilo.

Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, ipo mizinga miwili, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mmoja wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyopigwa na Königsberg ikazama katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Ni vyuma vizee vilivyoliwa na hewa ya chumvi. Hakuna aliyevipa lenzi mpya. Mtoto wa shule akiugusa mmojawapo, mkono wake umegusa kitu chenyewe kilichokuwapo siku ile, pamoja na uchakavu wake.

Twayasema haya kwa sababu visiwa vyetu vina nyumba ambayo yenyewe ni ukumbusho wa vita ile. Beit el Amani, jumba la kuba jeupe pale Mnazi Mmoja, lilifunguliwa mwaka 1925 kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu. Jina lake halikutaja bunduki wala jemadari. Wakuu wanaosimamia makumbusho yetu wanafahamu kuliko sisi jinsi majengo ya kale yalivyo na mahitaji makubwa, hasa tangu sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020. Na kila panapojengwa upya pana kishawishi cha kujaza vyumba kwa vitu vinavyong'aa. Nakala hupatikana kwa urahisi, hazilii chumvi, na wageni wanapenda kupigwa nazo picha.

Hatupingi nakala. Tunachowaomba wakuu wetu ni kwamba kila nakala itakayoingia katika nyumba za makumbusho ya visiwa hivi iandikwe wazi, kwa Kiswahili, kuwa ni nakala, imetengenezwa lini na imetofautiana wapi na asili yake. Kama darubini ya asili ilishika ukungu, kibao kiseme hivyo. Kama bunduki ya asili ilikuwa mzigo uliovimbisha mabega ya mtu aliyechukuliwa kijijini kwake bila kuulizwa, hilo nalo lisemwe.

La pili ni gumu zaidi, nalo halingoji fedha nyingi. Wapo katika mashamba ya Unguja na Pemba wajukuu na vitukuu wa wapagazi wa vita ile. Wengine wanakumbuka jina la babu na mahali alikotoka, basi, kurudi hakurudi. Masheha wanaweza kuyauliza majina hayo nyumba kwa nyumba, na maofisa wa nyaraka wakayalinganisha na daftari za zamani kila zinapopatikana. Mwaka hadi mwaka wanaoyajua wanapungua. Kazi hiyo yaweza kuanza na shehia moja tu, kwa daftari la mkono na kalamu, kabla ya msimu wa mvua.