Video ya Droni Harusini: Tuchague Ukubwa Gani wa Picha?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo zamani halikuwa letu, lakini siku hizi limeingia hadi katika vikao vya kamati za harusi. Ni video inayopigwa kwa droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani inayobeba kamera. Mpiga video huja na karatasi yake ya bei: 1080p bei hii, 4K bei ile. Wajumbe hutazamana. Mwishowe mmoja husema, "Tuchukue ile kubwa, binti yetu anaolewa mara moja tu." Na fedha hupitishwa.

Si vibaya kumtakia binti mema. Lakini fedha hizo ni michango ya watu, na kumbukumbu hiyo ni ya ukoo mzima. Bibi anayeketi leo mstari wa mbele huenda asiwepo harusi ijayo. Kwa hiyo yafaa tujue tunalipia nini kabla ya kulipa. Na wale ambao vijana wao wamejinunulia droni na wanaanza kupata kazi ndogo ndogo, wasome pamoja nao.

NAMBA HIZO MAANA YAKE NINI?

Picha ya video imeundwa kwa nukta ndogo sana za rangi ziitwazo pikseli. Tuzifikirie kama shanga. Ukitunga ua kwa shanga chache kubwa, ua litaonekana lina pembe pembe. Ukilitunga kwa shanga nyingi ndogo, hata ncha ya jani itaonekana.

Video ya 1080p ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni 2 katika kila picha moja. Ile ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, ambazo ni zaidi ya milioni 8. Basi 4K ni mara nne ya 1080p, wala si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Katikati yake ipo 2.7K, ambayo kwenye droni ndogo kama DJI Mavic Mini ya mwaka 2019 ni nukta 2720 kwa 1530. Hiyo ni mara mbili ya 1080p. Droni hiyo haipigi 4K kabisa. Mdogo wake, DJI Mini 2 ya mwaka 2020, inapiga 4K, lakini si zaidi ya picha 30 kwa sekunde.

TUANZIE MWISHO

Mama anayepika huanza kwa kuuliza watakula watu wangapi, ndipo achague sufuria. Nasi tuulize kwanza: video hii itaangaliwa wapi?

Kama familia itapewa DVD, basi ijulikane kwamba DVD ya kawaida ina nukta 720 kwa 576 tu. Picha ya 4K ina nukta mara 20 ya hizo. Kamati iliyolipia 4K ikaletewa DVD peke yake imenunua gunia la mchele na kubeba nyumbani kibaba kimoja. Televisheni nyingi za inchi 32 zilizomo sebuleni mwetu zina nukta 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080. Hizo haziwezi kuonyesha 4K hata faili likiwa zuri namna gani. Na video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na kupunguzwa ubora kabla haijafika kwa shangazi aliye mbali. Kama mnataka imfikie jinsi ilivyo, itumwe kama hati, na faili lisizidi gigabaiti 2.

Kwa hiyo kwa nyumba nyingi, video iliyokamilika ya 1080p inatosha. Inaonekana vizuri kwenye televisheni na kwenye simu, nayo haisumbui kuifungua.

FAIDA YA KWELI YA 4K

Je, 4K haina kazi? La hasha. Faida yake ipo wakati wa kupiga na kuhariri, hata kama mwisho familia itapewa 1080p.

Kwa kuwa picha ya 4K ni pana mara mbili na ndefu mara mbili kuliko 1080p, mhariri anaweza kukata sehemu yake ya robo, akaijaza kioo kizima, na bado ikawa 1080p kamili. Maana yake ni kwamba droni iliyopaswa kukaa mita 10 kutoka kwa maharusi inaweza kukaa mita 20, na mwisho wakaonekana kwa ukubwa ule ule. Kwetu sisi akina mama hili ni jambo kubwa. Droni ina mapanga yanayozunguka kwa kasi, na chini yake kuna watoto na wazee. Tena ina kelele. Wakati wazazi wanatoa wosia nje ya kanisa, mlio wake ukiwa karibu huzima maneno. Ikikaa mbali, watu wako salama na wosia unasikika.

Jambo la pili: video kubwa inaweza kupunguzwa baadaye, lakini ndogo haikui. Ukiivuta 1080p iwe 4K, kompyuta itakisia nukta zisizokuwapo. Uso wa bibi ambao kamera haikuuona vizuri siku ile hautapatikana tena.

GHARAMA INAYOFICHIKA

Tatizo la 4K ni nafasi. DJI Mini 2 inaweza kurekodi hadi megabiti 100 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo hizo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, au megabaiti 750 kila dakika. Dakika 10 ni gigabaiti 7.5. Kadi ya gigabaiti 32 itajaa baada ya dakika kama 40, na ile ya gigabaiti 64 baada ya dakika kama 80. Kwa video inayorekodiwa kwa megabiti 40 kwa sekunde, dakika 10 huchukua gigabaiti 3 tu.

Sasa tufikirie siku yenyewe. Mpiga video amekuja na kadi moja ya gigabaiti 32. Ametumia dakika 40 kupiga magari ya msafara na paa la ukumbi. Maharusi wanapotoka kanisani kadi imejaa, naye anainama kufuta faili huku vigelegele vinapita. Hapo 4K imewakosesha kile mlichoilipia.

Kadi nayo iwe na mwendo wa kutosha. Tazama alama iliyoandikwa juu yake. Yenye V30, au herufi U yenye namba 3 ndani, imehakikishwa kuandika megabaiti 30 kila sekunde, na inafaa kwa 4K. Kadi ya bei ya chini isiyo na alama hizo inaweza kukatisha video katikati. Tena msishangae mkiona video moja imegawanyika vipande vya gigabaiti 4. Ndivyo mpangilio wa kadi nyingi ulivyo, na vipande huunganishwa wakati wa kuhariri.

Mwisho, kuna namna mbili za kubana video, H.264 na H.265. Hii ya pili hutumia nafasi ndogo zaidi, lakini simu, kompyuta na televisheni za zamani nyingi haziifungui. Nakala ya familia iwe H.264.

PICHA NGAPI KWA SEKUNDE?

Pamoja na ukubwa, mpiga video huchagua idadi ya picha kwa sekunde. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila macho kuona. Kamera ikiwekwa picha 30, taa za bustani jioni zinaweza kupepesa katika video nzima. Picha 25 au 50 hupunguza sana tatizo hilo. Picha 50 zafaa pia pale mnapotaka mwendo wa taratibu, kama shela ikipepea au kwaya ikiingia, kwa sababu zikionyeshwa 25 kwa sekunde mwendo huwa nusu. Droni ndogo nyingi hazitoi picha 50 zikiwa kwenye 4K, bali kwenye 2.7K au 1080p. Hapo tushuke ukubwa bila majuto. La muhimu ni kwamba kamera za chini na droni ziwekwe sawa, mhariri asipate shida ya kuziunganisha.

Tukumbuke pia kwamba nukta nyingi haziponyi upepo, giza wala mkono usiotulia. Video ya 1080p iliyopigwa saa kumi na moja jioni kwa mwendo wa pole itapendeza kuliko 4K iliyopigwa saa sita mchana huku droni ikirushwa huku na huko.

TUNAVYOSHAURI

Kamati ikikaa na mpiga video, imwulize maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye mapatano:

1. Utapiga kwa ukubwa gani, na utatukabidhi kwa ukubwa gani?
2. Una kadi ngapi, za gigabaiti ngapi, na zina alama gani?
3. Kompyuta ya mhariri inaweza kushughulikia 4K, au kazi itachelewa miezi?
4. Faili za mwanzo, kabla hazijahaririwa, tutapewa? Mtatunza kwa muda gani?
5. Una kibali? Tanzania droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Kenya zipo kanuni za mwaka 2020. Asiye na kibali anaweza kuzuiwa getini na fedha zikapotea.

Maoni yetu ni haya. Matukio mafupi yasiyorudi, kama maharusi kutoka kanisani, wazazi kuwabariki, na picha ya ukoo wote uwanjani, yapigwe 4K, droni ikikaa mbali. Msafara, mandhari na ngoma ndefu zipigwe 1080p au 2.7K. Familia ikabidhiwe 1080p ndani ya flashi, na faili za mwanzo za yale matukio mafupi ziwekwe kwenye diski mbili, katika nyumba mbili. Flashi moja ndani ya kabati moja si hifadhi. Nyumba huvuja, na watoto huchukua flashi kuwekea nyimbo.

Kama fedha ni kidogo, msikope kwa ajili ya 4K. Chukueni 1080p kutoka kwa mtu mwangalifu, na kinachobaki mnunue kadi ya pili na diski. Miaka 20 ijayo, mjukuu atakapotaka kumwona bibi yake akicheza, hatauliza zilikuwa nukta ngapi. Atauliza kama video bado ipo, na kama inafunguka.