Kutoa mtoto damu: maumivu inaweza kupungua hata bila pomata ya bei kali

Hapa Kivu ya Kusini, mtoto anachomwa kidole mara mingi mbele hata ajue kutamka neno palu. Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba kila mtu mwenye kushukiwa malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Ni vizuri, kwani si kila homa ni malaria. Lakini kipimo kinapitia ku sindano, na sindano inauma. Kuna wazazi ambao, juu ya kukimbia kile kilio, wanaenda moja kwa moja ku farmasi na kununua dawa bila kupima. Hapo uchungu wa dakika moja unazaa hatari kubwa zaidi.

Ku vituo fulani vya afya tunajua vile inapita: mama anaambiwa atoke inje, watu wawili ao watatu wanalaza mtoto kwa nguvu, na mmoja anasema «nyamaza, haiumi». Inauma! Mtoto aliyedanganywa leo, siku ingine ataanza kulia tangu ku mlango. Tusiwalaumu waganga bure, wako wachache na watu wanangoja, tena mtoto akitikisika sindano inaweza kukosa mshipa. Lakini kumshika na kumkandamiza si kitu kimoja.

Je, hakuna dawa ya kufanya ngozi isisikie? Iko. Inayojulikana sana ni pomata yenye lidokaini na prilokaini. Inapakwa nene mahali sindano itaingia, inafunikwa na plastiki ya kubandika, kisha munangoja saa moja nzima. Ukiipangusa nyuma ya dakika kumi, umetupa feza bure. Tena inasaidia kwa damu ya mshipa wa mkono, si kwa kisigino cha mtoto mchanga. Kwa kidole cha kipimo cha palu, nani atangoja saa moja wakati kipimo chenyewe kinamalizika mbele ya hapo? Kwa ngambo kuna pia dawa ya kupuliza yenye kupoza ngozi kwa sekunde chache. Ku farmasi nyingi za mtaa hutazipata zote mbili.

Na hapa wazazi wasikie vizuri. Ile prilokaini inaweza kuharibu kazi ya damu ya kubeba hewa, zaidi kwa watoto wadogo sana. Mtoto chini ya mwaka moja anayekunywa Bactrim asipakwe. Sasa, watoto waliozaliwa na mama mwenye VIH wanapewa Bactrim kuanzia wiki sita, na ndio hao wanaopimwa damu mapema. Vilevile watoto wenye upungufu wa G6PD, tatizo la kurithi ambalo si la nadra hapa Congo. Kwa hiyo usinunue tubu ku soko na kupaka wewe mwenyewe ku nyumba. Uliza daktari kwanza.

Parasetamoli ya kunywa mbele, ambayo bamama wengi wanatoa kwa nia nzuri, haizuie uchungu wa sindano.

Chenye kusaidia mtoto mdogo kiko karibu sana: titi. Mtoto anayenyonya mbele ya kuchomwa na wakati wa kuchomwa analia kidogo kuliko yule aliyelazwa peke yake ku meza. OMS ilipendekeza jambo hilo kwa chanjo mu 2015, pamoja na kumpakata mtoto akiwa wima, na kwa damu inafaa vilevile. Kama hanyonye, matone ya maji ya sukari ku ulimi dakika moja ao mbili mbele inatuliza: kijiko kidogo cha sukari ndani ya vijiko viwili vya maji iliyochemshwa na kupozwa. Hiyo ni ya watoto chini ya mwaka moja. Asali, hapana, kwa umri huo ni hatari.

Mkubwa kidogo akae ku mapaja ya mama ao baba, mkono moja umeshikwa vizuri, na aambiwe ukweli: «utasikia kidogo, halafu itakwisha». Mpe kazi ya kufanya, kupuliza sawa vile anazima mshumaa, ao kuhesabu vidole vya mkono ule mwingine. Na muganga achome pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwani katikati ndipo inauma zaidi.

Pomata ile, mimi ningeiomba kwanza kwa watoto wa drepanositozi. Congo iko kati ya nchi zenye kuwa nao wengi zaidi duniani, na hao hawachomwe mara moja kwa mwaka. Wanarudi, wanarudi tena, mpaka wengine wanaficha mikono wakiona tu koti nyeupe. Kwao saa moja ya kungoja si kitu, kama daktari ameona hakuna kizuizi na pomata imepakwa mahali mbili, juu mshipa wa kwanza unaweza kukosekana.

Ila pomata inaomba feza. Kuacha mama aingie haiombe chochote, wala kutoa damu ya vipimo vyote kwa sindano moja badala ya kurudisha mtoto kesho yake. Kamati za afya, zile CODESA za kila eneo, zinaweza kuuliza jambo hilo ku mkutano wao na muuguzi mkuu: kiti cha mzazi kiko wapi mule ndani ya labo?