Nani Kasema Kibaya Ndicho Chajitembeza?

Kila nipitapo sokoni Lushoto na mfuko wangu wa karatasi, hakosi mtu wa kunitupia methali ile: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Husemwa kwa mzaha, lakini mzaha huo unachoma. Kazi yangu ni kutengeneza vipeperushi vya watu wanaojitembeza: akina mama wanaopika jamu ya plamsi, wafugaji wa nyuki, wauzaji wa matunda yaliyokaushwa. Hawana duka wala ghala. Huuza mkono kwa mkono, nyumba hadi nyumba, ofisi hadi ofisi.

Methali hiyo naikataa. Plamsi ya Usambara haina miguu. Kutoka hapa hadi Mombo, iliko barabara kuu, ni zaidi ya kilometa 30 za kona na makorongo, na mtu wa Tanga au Dar es Salaam hawezi kutamani jamu ambayo hajui kama ipo. Kizuri nacho hutembezwa. Basi ugomvi wangu si na wanaotembeza. Ni na sisi tunaowaandikia maneno ya kutembea nayo.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja muuza asali. Akasema, "Mwanangu, weka maneno ya kuvuta. Wenzangu wote wameweka." Nikaandika kwa herufi nene kwamba asali ile ya msituni hushusha sukari mwilini. Ushahidi sikuwa nao. Nilichokuwa nacho ni nafasi tupu kwenye ukurasa. Karatasi zikaisha, asali ikaisha, nikalipwa.

Majuma machache baadaye mzee jirani yangu, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, alilazwa hospitali akiwa hajitambui. Nilipokwenda kumpa pole mkewe, akanieleza kuwa mzee alikuwa ameacha dawa, akila asali asubuhi na jioni. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Mwanangu, hiki si wewe uliyekiandika?" Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Asali ni sukari, na humpandishia mgonjwa sukari ya damu. Jambo hilo ningeambiwa na muuguzi yeyote kama ningeuliza. Mzee alipona, lakini mimi sikurudi kuwa yule wa jana.

Wenzangu wa kazi hunijibu kuwa tangazo ni tangazo, kila mtu anajua limetiwa chumvi. Sikubali. Bango la barabarani halina uso, na mpita njia hulitazama kwa shaka. Kipeperushi cha muuzaji mdogo huletwa na jirani, baada ya hodi na shikamoo. Msomaji haiamini karatasi. Anauamini mkono ulioileta. Kwa hiyo uongo wetu, ingawa karatasi yake ni ndogo, huingia ndani kuliko uongo wa bango.

Na hatari haikomei kwenye dawa. Siku hizi wapo wanaotaka niandike: jiunge, leta watu watano, utajirike. Tumesahau upesi kiasi hiki? Mwaka 2009 taifa zima liliona mchezo wa DECI, wa "kupanda na kuvuna" fedha, ulivyosimamishwa na serikali na watu wengi wakabaki wakidai mbegu zao. Biashara inayotangaza wanachama kuliko jamu haina jamu. Karatasi ya namna hiyo siichapi, hata nikilala njaa.

Nauliza tena: kwa nini tuweke picha za mashamba ya Ulaya, yenye theluji nyuma yake, wakati mwamba wa Irente na msitu wa Magamba viko mlangoni petu? Piga picha ya sufuria yako mwenyewe. Andika chupa ina gramu ngapi, imepikwa kwa nini, imepikwa lini, bei yake, nani kaipika, na ikiharibika irudishwe kwa nani. Usiweke alama ya TBS ambayo hukupewa. Tangu 2019 shirika hilo ndilo lililokabidhiwa pia usimamizi wa usalama wa chakula. Maneno hayo sita au saba yanaenea kwenye robo ya karatasi, na hata fotokopi isiyo na rangi inatosha.

Milima hii si migeni kwa uchapaji. Kule Vuga, karibu na Soni, Walutheri walikuwa na kiwanda chao kilichochapa vitabu vya Kiswahili. Katika enzi ya herufi za risasi, neno lilipangwa herufi kwa herufi, na mpangaji alikuwa na muda wa kulifikiri. Kompyuta imetuondolea taabu hiyo. Haikutuondolea wajibu wa kufikiri.

Yule mama wa asali nilimchapia karatasi nyingine kwa gharama yangu, inayosema kwamba ile ya kwanza ilikosea na kwamba mwenye kisukari asiache dawa zake. Alizunguka nayo nyumba zile zile, akiwa amenuna. Kazi hakuniletea tena. Lakini nasikia asali yake bado inanunuliwa, na watu humwambia: wewe ndiye uliyerudi kutuambia.