Masisi na Walikale: Fundi asafishe kaburateri kabla ya kusema imekufa

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, pikipiki ndiyo ambulansi na ndiyo basi. Inamfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya, inabeba magodoro na masufuria ya familia inayokimbia mapigano. Ikizima katikati ya msitu jua likizama, hasara si ya motari peke yake. Abiria wake naye yuko hatarini.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye kaburateri, chombo kinachochanganya esansi na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Na mara nyingi mteja huambiwa kwamba imekufa, anunue nyingine. Hapo ndipo penye kosa. Kaburateri ya koo moja, iwe ya pikipiki au ya gari kuukuu, ni rahisi kufufuliwa. Fundi anayeitupa bila kuifungua anakula pesa ya chakula cha watoto.

Wapo wanaosema kipya hakina matatizo. Lakini kinachoua kaburateri huku ni uchafu. Esansi inatoka kwenye bidoni hadi kwenye chupa, ikipita mikononi mwa wauzaji wa pembeni ya barabara, wale ambao Goma wanaitwa Kadhafi. Njiani inaokota vumbi, kutu na maji. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo hukaa chini ya kikombe cha kaburateri, na injini huanza kukohoa. Kaburateri mpya ikinyweshwa mafuta hayo hayo itaugua vile vile.

Fundi mwenye akili haanzi na funguo. Anaangalia kwanza robine ya tanki, tundu la hewa la kizibo, na buji. Buji nyeusi yenye masizi inaonyesha esansi imezidi, nyeupe inaonyesha hewa imezidi. Injini inayokubali kuwaka pale tu hewa inapofungwa, kisha inazima ikifunguliwa, mara nyingi ina jikleri iliyoziba au inavuta hewa pembeni. Esansi ikimwagika nje, mshukiwa ni sindano ya kikombe au boya. Boya likitikiswa karibu na sikio na esansi ikasikika ndani, limetoboka.

Kuna pia jambo la milima. Sehemu nyingi za Masisi zinapita mita 2,000 juu ya bahari, lakini Walikale mjini iko chini ya mita 1,000. Juu hewa ni nyepesi, esansi inabaki ile ile. Pikipiki iliyorekebishwa vizuri Walikale ikipanda Masisi inaweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, ilhali haijaharibika. Inahitaji kupunguziwa esansi kidogo tu, na kurudishiwa inaposhuka, kwa sababu injini yenye hewa nyingi mno huchemka.

Wakati wa kufungua, skurubu ya kurekebisha mchanganyiko ifungwe polepole huku mizunguko ikihesabiwa, ndipo itolewe, ili irudi palepale. Jikleri isichokolewe kwa waya, kwani tundu likipanuka injini itakunywa mafuta kupita kiasi. Ipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Gasketi iliyochanika ibadilishwe, na nati zikazwe kwa zamu ili kaburateri isipinde. Mwili ukiwa umepasuka, au mhimili wa koo ukiwa umelegea sana, hapo ndipo kununua nyingine kuna haki.

Kazi hii isifanyiwe kwenye vibanda vya kambi. Mvuke wa esansi hauonekani, na jiko la makala la jirani linatosha kuuwasha. Maturubai huungua haraka kuliko watoto wanavyoweza kutoka.

Wauzaji wanaweza kusaidia bila gharama kubwa: waache bidoni itulie, wachuje kwa kitambaa safi, na wasiuze mafuta ya mwisho ya chini. Vyama vya wamotari vidai filtri kwenye mrija wa esansi wa kila pikipiki. Na wanaofundisha vijana wahami ufundi wawafundishe kufungua kaburateri, kuisoma na kuirudisha, kabla ya kuwapa sanduku la funguo. Kijana anayejua hilo ana kazi popote vita vitakapomtupa, na yule mama anayekimbizwa kituo cha afya usiku ana nafasi zaidi ya kufika.