Kivuli cha mtoto kisiwe alama ya msiba

Wasomaji wetu wamezoea kuona magazetini picha ya mtoto iliyo nyeusi tupu, uso wake haujulikani, kila mtoto huyo anapokuwa amedhulumiwa au amefikishwa mahakamani. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuipingi hata kidogo. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unataka faragha ya mtoto ihifadhiwe. Hata hivyo, imezuka fikra isiyopendeza kwamba kivuli ni cha mtoto aliyepatwa na mabaya, na uso wazi ni wa mtoto mwenye bahati. Fikra hiyo yafaa irekebishwe, na mahali pa kuanzia ni ukuta wa nyumba na wa darasa.

Picha ya kivuli haikuzaliwa kwa ajili ya kuficha. Kabla ya upigaji picha kutangazwa mwaka 1839, ndiyo iliyokuwa sura ya mtu asiyeweza kumlipa mchoraji. Wazungu waliiita kwa jina la Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759, aliyesifika kwa ubahili wa hazina. Kila kitu cha bei rahisi kilibandikwa jina lake. Huko Philadelphia, Marekani, Moses Williams, aliyezaliwa mtumwa katika nyumba ya Charles Willson Peale, alikata vivuli vya wageni zaidi ya 8,000 katika mwaka 1803 peke yake, naye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa huru. Watu walipanga foleni ili wapate kivuli chao, wala hakuna aliyeona haya.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mtoto huketi ubavu kwa ukuta, karibu kabisa na karatasi iliyobandikwa, na taa moja ndogo huwekwa upande wa pili, mbali kidogo. Kadiri mtoto anavyosogea ukutani ndivyo kivuli kinavyokuwa kikali na karibu na ukubwa wa kichwa chake. Mwenzake hufuatisha ukingo kwa penseli, kisha umbo hukatwa katika karatasi nyeusi na kubandikwa juu ya nyeupe. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutulia kwa muda mrefu. Basi afuatishwe pua na midomo kwanza, kisogo baadaye. Mwenye kamera ampige mtoto mbele ya dirisha lenye mwanga, chumba kikiwa giza.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu shule nyingi siku hizi hutangaza sifa zao kwa nyuso za wanafunzi. Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Uganda nayo ina sheria ya mwaka 2019 inayodai idhini ya mzazi au mlezi. Lakini hata pasipo faini, mtoto asiyejua picha yake inakopelekwa hawezi kusemwa kuwa ameridhia.

Watu watauliza: je, mama asione uso wa mwanawe? Auone, na albamu ibaki sebuleni. Tunalozungumzia ni ukuta wa hadhara. Wala tusidanganyane kwamba kivuli huficha kila kitu. Jirani atamtambua mtoto kwa paji la uso na nywele zake. Kwa hiyo idhini iombwe vilevile, na jina na tarehe viandikwe nyuma ya karatasi, si mbele.

Walimu nao wajihadhari na mzaha juu ya pua na vidaka vya watoto. Katika miaka ya 1770 Lavater wa Zürich aliwaaminisha wengi kwamba tabia ya mtu husomeka katika umbo la uso wake, na uongo huo ulidumu mno.

Vivuli vya darasa zima vitundikwe pamoja, mbali na jua linalopausha karatasi, cha mtoto mwenye msiba kando ya cha asiye nao. Siku ya wazazi, kila mmoja aachwe abahatishe kilicho cha mwanawe.