AFYA NYUMBANI: Shavu Likivimba, Si Jino Kila Mara



Mama mmoja hapa Nyasho ameuliza: mtoto akivimba taya na meno yakalegea, yafaa kung'oa jino kisha kungoja? La, mama. Apelekwe hospitali upesi.

Iko saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Jina ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Huwapata hasa watoto wadogo, wa kiume kuliko wa kike. Hushika taya au tumbo. Ngozi yenyewe huingiwa mara chache tu. Uvimbe u ndani, ngozi juu yake nzima, na wazazi hudhani si neno. Kumbe hukua upesi mno: waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1964 wataalamu huko London waligundua kirusi katika uvimbe huo. Watoto wetu wengi wanacho tangu wadogo, wala hawaugui. Lakini malaria ya mara kwa mara hudhoofisha ulinzi wa mwili, ndipo hatari huzidi. Basi si uchawi, wala mgonjwa hawaambukizi nduguze saratani. Waache wale naye sahani moja.

Mkoa wetu ulisaidia kutafuta ukweli huu. Tangu 1977 mpaka 1982, watoto wa North Mara, yaani Tarime na Rorya za leo, waligawiwa klorokwini ili ijulikane kama malaria ikipungua, saratani nayo itapungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, tena malaria ikarudi, haisikii klorokwini. Jibu halikuwa kamili. Hata hivyo, chandarua ni kinga njema.

Dawa za saratani zipo, na Bugando, Mwanza, hutibu watoto. Wengi hupona wakiwahi. Lakini sikilizeni: baada ya dawa za kwanza uvimbe hunywea kwa siku chache tu. Baba husema, "Amepona, turudi shambani." Hapo ndipo watoto hupotea, maana ugonjwa ukirudi ni mgumu kuushinda.

Basi tarehe ya kurudi hospitali iandikwe ukutani, kila mtu nyumbani aione. Na jirani akikosa nauli, tuchange kabla tarehe haijapita.